Honcho: kiongozi wa kikosi aliyepandishwa cheo ughaibuni

Ukisoma magazeti ya Kiingereza ya Nairobi, hasa kurasa za michezo na za biashara, neno "honcho" hulikosi. Kiongozi wa chama cha soka ni honcho. Mkurugenzi aliyeondoka kazini ni honcho. Kwenye filamu za Kimarekani huja likiwa limevishwa kilemba, "head honcho", na anayetajwa huwa ni yule mkubwa kabisa ambaye hundi haitoki mpaka atie sahihi. Maana yake wengi huipata kwa kukisia tu. Kinachowachanganya ni asili yake, na huko kwenye asili ndiko kuliko na habari tamu kuliko maana yenyewe.

Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, aliniambia kwa uhakika wote: "Mjomba, hilo ni la Kihispania. Sikiliza linavyoishia: macho, poncho, rancho, honcho." Hoja yake si ya kubezwa. Wamarekani wengi wanaamini hivyohivyo. Kihispania kimeishi na Kiingereza mlango kwa mlango katika majimbo kama Texas na California, na kimekiachia maneno mengi yenye mlio huo. Sikio likishazoea mlio, kila linaloufanana hulitia kwenye kapu moja.

Kuna kipimo chepesi cha kulitatua. Kihispania hakitamki "h" iliyo mwanzoni mwa neno. "Hola", salamu yao, husikika "ola". "Hombre", yaani mwanamume, husikika "ombre". Kama honcho lingetoka huko, Mmarekani angelisikia "oncho", na huenda angeliandika vivyo hivyo. Tena ukimwuliza Mmeksiko anamwitaje bosi wake, atakuambia "jefe".

Neno hili limetoka Japani. Huko ni "hanchō", na kimstari kilicho juu ya "o" kinaonyesha kwamba sauti hiyo inavutwa, kama tunavyoivuta katika "koo". Limeundwa kwa vipande viwili. "Han" ni kikundi kidogo cha watu waliopewa kazi moja: kikosi, fungu, zamu. "Chō" ni mkuu au kiongozi. Basi hanchō ni kiongozi wa kikosi. Vipande vyote viwili Wajapani walivichukua zamani kutoka Uchina pamoja na maandishi yake. Alama inayoandikwa "han" inaonyesha vipande viwili vya jiwe la thamani na kisu katikati, kwa kuwa maana yake ya awali ilikuwa kugawa. Alama ya "chō" maana yake nyingine ni "ndefu", na inasemwa kwamba ilianza kama picha ya mtu mwenye nywele ndefu, yaani mzee. Mzee wa fungu, basi. Wachina nao hutumia alama hizohizo, wakizitamka "banzhang", na darasani huyo ni monita. Wakorea husema "banjang", naye pia ni monita.

Hapo msomaji ataanza kuona jambo. Monita si mkurugenzi wa benki.

Katika ofisi ya Kijapani kipande hicho "chō" hupanda ngazi moja baada ya nyingine. Kiongozi wa sehemu ni "kachō". Aliye juu yake, mkuu wa idara, ni "buchō". Mwenye kampuni yote mkononi ni "shachō". Hanchō yuko chini kabisa, karibu na wanaoshika nyundo na mafagio. Ana watu watano, wanane, labda kumi, anawajua kwa majina, na kazi ikiharibika yeye ndiye huulizwa wa kwanza. Kama Wamarekani wangetaka neno la Kijapani la kumwita bosi mkuu, walilopaswa kulichukua ni shachō.

Kiswahili kina watu wa aina hii, na ni vizuri kuwakumbuka kabla ya kuendelea. Yupo kiranja wa shule. Yupo mjumbe wa nyumba kumi, ambaye hana ofisi lakini huwezi kumaliza jambo la mtaa bila kumpitia. Na kwa kweli vyama vya mitaa vya Japani hadi leo hugawanywa katika "han" za nyumba chache chache, na uhanchō huzunguka kwa zamu kutoka kaya moja hadi nyingine. Lakini anayefanana na hanchō kuliko wote ni mnyapara. Neno hilo lilisafiri na misafara ya karne ya 19 kutoka Unyamwezi kwenda pwani, ambako wanyampara walikuwa wakuu wa vikundi vya wapagazi. Baadaye likahamia kwenye mashamba ya wakoloni, likawa jina la msimamizi wa vibarua, kisha likaingia gerezani, ambako mnyapara ni mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake. Msomaji amshike mnyapara huyo mkono, maana hanchō naye aliingia katika Kiingereza kwa njia ya kifungo.

Hong Kong ilianguka mikononi mwa Wajapani tarehe 25 Desemba 1941. Singapore ikafuata tarehe 15 Februari 1942. Miezi michache baadaye yakaja makundi ya Wamarekani na Wafilipino waliosalimu amri Bataan na Corregidor, huko Ufilipino. Makumi ya maelfu ya Waingereza, Waaustralia, Waholanzi, Wamarekani na wengineo wakajikuta kambini, wakipelekwa kazini kila siku: migodini, bandarini, kwenye viwanda vya meli, kwenye reli. Amri zilitolewa kwa Kijapani, na aliyechelewa kuielewa alipigwa. Ndiyo maana walijifunza haraka. Hesabu ya asubuhi na jioni waliiita "tenko". Choo kilikuwa "benjo". Neno lililongojwa kuliko yote, la mapumziko, lilikuwa "yasume". Walijihesabu wenyewe kwa Kijapani, ichi, ni, san, shi, go, wakiwa wamejipanga mistari.

Wafungwa hao waligawanywa katika vikosi vya kazi, na kila kikosi kilikuwa na hanchō wake. Mara nyingine alikuwa msimamizi wa Kijapani, mara nyingine mfungwa mwenzao aliyeteuliwa. James Bertram, mwandishi wa habari wa New Zealand aliyetekwa Hong Kong, alilitumia neno hilo katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1947, akiliandika "hancho" kwa "a". Huo ni miongoni mwa mifano ya mapema ya neno hili ndani ya maandishi ya Kiingereza.

Sasa tufikirie jambo hilo kwa jicho la mfungwa. Mkuu wa kambi alimwona kwa mbali. Jenerali hakumwona kabisa, na mfalme wa Japani alikuwa ni jina tu la kuinamiwa. Mtu aliyeamua kama leo utapumzika dakika tano, kama mgonjwa atabaki kitandani au ataburutwa hadi shimoni, alikuwa hanchō. Ukimtazama ukiwa chini yake, juu ya kichwa chake huoni mtu mwingine. Mimi naamini hapa ndipo neno lilipoanza kupanda cheo. Kamusi hukuambia kwamba maana "ilipanuka", halafu zinanyamaza. Lakini maana haipanuki yenyewe kama unga uliotiwa hamira. Hubebwa na watu, na kila mtu huibeba kama alivyoiona pale alipokuwa amesimama.

Vita viliisha. Japani ikatia sahihi hati ya kusalimu amri tarehe 2 Septemba 1945, na majeshi yaliyoongozwa na Marekani yakaikalia nchi hiyo hadi Aprili 1952. Vijana wa Kimarekani, laki kadhaa kwa mwanzo, wakawa sasa ndio wanaoamuru. Hawakujua Kijapani, na wenyeji wengi hawakujua Kiingereza. Katikati yao ikazaliwa lugha ya kuokoteza ambayo wenyewe waliibandika jina la Kiingereza cha mianzi: vipande vya Kijapani vimetiwa kwenye sentensi za Kiingereza, sarufi ikiwa imeachwa mlangoni. "Takusan", yaani tele, lilikuwa mdomoni mwa kila askari. "Ichiban", namba moja, vilevile. Na "sukoshi", kidogo, likafupishwa hadi likawa "skosh", nalo bado linaishi Marekani: mzee wa huko anaweza kukuomba umwongezee kahawa "a skosh", yaani tone tu.

Katika mazungumzo hayo ya kuokoteza, hanchō lilikuwa neno la kazi. Sajini akifika mahali penye vibarua ishirini, swali lake la kwanza ni moja: nani hanchō hapa? Hakuwa akiuliza cheo. Alitaka kujua azungumze na nani ili jambo lifanyike. Ukichunguza utaona kwamba hiyo tayari ndiyo maana ya Kiingereza cha leo: mwenye mamlaka mahali hapa, awe wa ngazi yoyote.

Vita vya Korea, kuanzia mwaka 1950 hadi 1953, vikalisukuma mbele zaidi, kwa kuwa askari wengi walipitia Japani kwenda na kurudi. Hata marubani walilitumia angani. Karibu na mto Yalu, mpakani mwa Korea na Uchina, marubani wa Kimarekani wa ndege za kivita za F-86 Sabre walipambana na ndege za MiG-15 zilizoundwa na Wasovieti, na walitambua upesi kwamba wapinzani wao hawakulingana. Wengine waliruka kama wanafunzi. Wengine walikuwa mafundi wa kutisha, na hao wakawaita "honcho". Ilishukiwa kwamba mafundi hao ni Warusi waliopigana katika Vita Vikuu vya Pili, na baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, habari zilizokuwa zimefungiwa zikathibitisha hivyo. Katika matumizi haya kikosi kimeshasahauliwa. Honcho ni bingwa, mtu wa kuogopwa.

Sasa turudi kwenye ile "o". Bertram aliandika "hancho", kwa hiyo "honcho" limetokeaje? Watu hudhani Wamarekani waliliharibu neno kwa uzembe. Hapana, waliliandika kwa uaminifu kabisa. Msikilize Mmarekani akisema "doctor": wewe utasikia "dakta". Akisema "hot", utasikia "haat". Katika midomo ya wengi wao herufi "o" ya namna hiyo hutoa sauti iliyo karibu sana na "a" yetu. Wakati huohuo "a" yao, kama ile ya "hand", ni sauti nyingine ambayo sisi hatuna. Basi aliyelisikia neno la Kijapani likianza na "han", akitaka ndugu zake Ohio walisome inavyotakiwa, ilimbidi aandike "hon". Mwingereza akalisoma kwa "o" yake, na sisi tukalisoma kwa "o" yetu iliyo wazi, na hivyo neno likaenda mbali zaidi na nyumbani kwake.

Hapa Mswahili ana bahati ambayo wengine hawana. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na zinakaribiana sana na zetu; silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Mpe mtoto wa Tanga neno "hanchō" alisome, atalitamka karibu sawa na mtoto wa Osaka bila kufundishwa.

Kuhusu "head honcho", wapo wanaolikataa wakisema ni kurudia, kwa kuwa "chō" tayari ni mkuu, na "head" ni mkuu tena. Wako sahihi kuhusu asili, lakini lugha haiishi kwa asili peke yake. Sisi tunasema Jangwa la Sahara, ilhali kwa Kiarabu Sahara ni jangwa tu. Tunasema Ziwa Nyasa, na "nyasa" ni ziwa. Mgeni anayelikopa neno halifungui kuona kilichomo ndani. Mswahili alichukua "kitab" la Kiarabu, akaona "ki-" mbele, akasema kitabu, vitabu, na hakuna mwalimu anayemsahihisha. Tena "head honcho" ina kazi yake: katika ofisi yenye mahoncho kadhaa, humtenga yule wa juu yao wote. Tofauti hiyo isingewezekana huko kwenye kikosi cha watu wanane.

Kuna neno lingine la Kijapani ndani ya Kiingereza ambalo watu hulichanganya na hili: "tycoon", yaani tajiri mkubwa wa biashara. Safari yake imekwenda kinyume. Asili yake ni "taikun", bwana mkubwa, na halikuwa cheo cha mtu wa kawaida. Mtawala wa kijeshi wa Japani, shogun, alilitumia mbele ya wageni, kwa kuwa neno shogun maana yake ni jemadari tu, na jemadari ana mfalme juu yake. Mbele ya wajumbe wa mataifa ya nje alitaka jina linalosimama peke yake. Wamarekani walilipata katika miaka ya 1850, Japani ilipolazimishwa kufungua bandari zake. Muda si mrefu makatibu wa Rais Abraham Lincoln walikuwa wakimwita hivyo kwa upendo, the Tycoon, wakiwa faraghani. Katika karne ya 20 likashuka hadi kwa wenye viwanda na wenye meli. Nasi tunalo la namna hiyo: "afande" limetokana na "efendi" la Kituruki, lililokuwa jina la heshima la mabwana wasomi wa dola ya Osmani. Likaja na askari kutoka Misri na Sudani, na leo raia humwita hivyo hata konstebo wa jana anayesimamisha bodaboda barabarani. Taikun na efendi walishuka, hanchō akapanda.

Tofauti ya matumizi ni hii: tycoon lazima awe na mali, honcho lazima awe na kauli. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi anaweza kuwa honcho siku hiyo bila shilingi mfukoni.

Baada ya kujua haya, mtu hupatwa na hamu ya kuona Ujapani kila mahali, nami sikuiepuka hamu hiyo. Kuna msemo wa Kimarekani, "hunky-dory", wenye maana ya mambo kuwa shwari. Hadithi inayopendwa husema umetokana na Honchō-dōri, barabara ya Yokohama ambako mabaharia walikwenda kustarehe. Barabara ipo. Lakini hata ingekuwa kweli, "honchō" ya barabara hiyo ni neno jingine kabisa, lenye maana ya mtaa mkuu, halina undugu na kiongozi wa kikosi. Na wachunguzi wa maneno wanaona njia fupi zaidi: "hunk" lilikuwa tayari neno la watoto wa New York, la mahali pa usalama katika mchezo, na lilitokana na Kiholanzi. Hadithi ya mabaharia ni tamu zaidi, na utamu huo ndio unaonifanya niiogope.

Anayefasiri kwenda Kiswahili ajiulize kwanza anayezungumzwa ni nani. Honcho ni neno la kijiweni. Si tusi, ila halina adabu ya barua rasmi, na mara nyingi lina kejeli kidogo ndani yake. "Mheshimiwa" halifai hata kidogo. "Bosi" huenda mahali pengi. Kwa vichwa vya habari vya soka na siasa naona "kigogo" ndilo linaloketi vizuri zaidi, kwa sababu nalo lina uzito uleule wa mtu asiyesogezeka. Kiingereza pia hulifanya kitenzi, kuhoncho mradi, na hapo "kusimamia" linatosha.

Tusiwacheke sana Wamarekani kwa kulihamisha neno la watu. Waingereza nao walichukua kwetu "safari", ambalo tunalitumia hata kwa kwenda Singida kumwona mgonjwa, wakalifanya liwe gari lisilo na paa na simba mbele yake. Wengi waliolieneza walikuwa wageni waliokuja kuwinda au kutazama wanyama, na safari pekee waliyoiona ni hiyo.

Huko Japani neno halikutikisika. Katika wilaya nyingi watoto wa shule za msingi huenda shuleni kwa miguu, wakiwa katika vikundi vya mtaa. Asubuhi hukutana kwenye kona moja, wadogo wa darasa la kwanza wakiwa na kofia zao za njano, na hakuna anayeondoka hadi hesabu itimie. Mbele husimama mkubwa wao, wa darasa la sita, ana miaka 11 au 12. Huangalia magari kushoto na kulia, huinua mkono, kisha huwavusha wenzake barabara mmoja baada ya mwingine. Huyo ndiye hanchō.